Likifika Themanini

Katindiuka, Ifakara
17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Vitus,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii itakukuta umeshamaliza kusafisha shamba, maana huko Masagati najua mvua haimsubiri mtu. Sisi hapa hatujambo. Baba anaendelea vizuri. Gongo moja ameliacha, sasa anatembelea lile moja la mkono wa kulia, na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue nguvu zinarudi. Jiko nimeliezeka upya. Mipapai ya marehemu Mama bado inazaa mpaka tunagawa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu laini yako ya simu uliizima na hukuwasha nyingine. Sikulaumu. Barua nampa dereva wa basi la Mlimba, aiache dukani kwa binamu yetu Teddy, na wewe utaichukua siku utakayoshuka kununua chumvi.

Sasa jambo lenyewe. Gari limenizimia.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio. Niliporudi kutoka Songea kuja kumuuguza Baba, pikapu ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, kuku wanatagia ndani. Mwezi wa nane nikamwita fundi Obadia wa pale Kibaoni akanyoosha bodi ya mbele, akaweka taa, nikaanza kubebea watu mpunga kutoka Mngeta kuleta mashineni hapa mjini. Barabara ya Mngeta unaijua. Ni gia ya pili, ya tatu, unakwepa shimo hili unaingia lile. Gari halikunisumbua hata siku moja.

Wiki iliyopita nikapata mzigo wa kupeleka Kidatu. Nikaingia lami. Nilipopita Kiberege barabara ikanyooka mbele yangu, hakuna mtu, nikaweka gia ya tano. Mshale ukafika themanini, ukapita. Nikaenda hivyo kwa muda, nikaanza hata kuimba. Mara gari likakosa nguvu, kama mtu anayepandisha mlima huku amebanwa pua. Nikakanyaga mafuta, halikujibu. Halafu kimya. Nikasikia upepo tu na matairi.

Niliserereka hadi pembeni nikasimama. Baadaye nikajaribu ufunguo, likawaka mara moja, kama halikufanya kitu.

Vitus, ulisema lilizima. Mwaka jana ulimwambia hivyo kila aliyekuuliza. Lakini siku ile ya ajali walipolivuta kutoka mtaroni likawaka papo hapo, mbele ya watu wote, ndipo wakaamua kwamba ulisinzia. Baba naye, aliyekuwa amekaa pembeni yako, akaamua hivyo. Mimi nilikuwa Songea, sikuwa na la kusema. Sasa ninalo.

Kuna mtu wa vyuma chakavu amekuja kuliangalia. Baba amemwambia asubiri tukishavuna, kisha alichukue. Likikatwakatwa hakuna atakayejua tena lilikuwa na nini. Mimi nataka kujua kabla ya mavuno, na nitajua. Wewe umeliendesha kwa miaka, mimi gari nimejifunzia la kubebea kuni za shule niliyokuwa napikia. Niambie nianzie wapi. Na niambie siku ile ilikuwaje tangu mwanzo, na Baba aliona nini, maana mimi kila mtu ananipa kipande.

Kula vizuri. Usilale na nguo mbichi.

Dada yako,
Ritha

*

Masagati
8 Desemba 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Milele amina. Mimi ni mzima. Barua yako ilikaa kwa Teddy kwa sababu mto ulijaa hatukuweza kushuka. Mahindi yameota. Nyani wanasumbua, nashinda shambani. Kibanda nimeshakiezeka. Nifikishie salamu kwa jirani mwenye kuku.

Siku ile sina cha kuongeza. Nilichosema nilishasema. Kuhusu alichokiona Baba, muulize Baba.

Kuhusu gari. Umeandika neno moja kubwa labda bila kujua. Umesema lilikosa nguvu kwanza, ndipo likazima. Kingekuwa kitu cha umeme lingekatika ghafla kama taa. Hili linakufa kwa kukosa pumzi. Maana yake dizeli haifiki ya kutosha. Ukienda polepole injini inakunywa kidogo, kinachofika kinatosha. Ukienda kasi inataka nyingi, inakosa. Ukisimama, inajaa tena, linawaka. Ndiyo maana kila fundi akilijaribu mtaani anakuta zima.

Nimelifikiria sana hili nikiwa nalima. Zamani barabara yote mpaka Kidatu ilikuwa vumbi na mawe. Hakuna aliyefika themanini akadumu nayo. Nadhani ugonjwa ulikuwemo muda mrefu, lami ndiyo imeufichua.

Fanya hivi. Mwambie Obadia abadilishe filta ya dizeli kwanza, ni kitu cha rahisi. Kisha nenda nalo kwenye lami, asubuhi, pasipo na magari. Siku nyingine nenda ukiwa umelegeza mfuniko wa tangi, maana mfuniko ukiziba hauingizi hewa na mafuta yanagoma kutoka. Likizima, usikimbilie ufunguo. Fungua boneti. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Ibonyeze, uniandikie inafanya nini. Inarudi juu, au inabaki chini? Andika ulichokiona, si unachodhani.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Gari likianza kukosa nguvu, mguu utataka kwenda kwenye klachi. Usiukubalie. Ukikanyaga klachi injini inasimama kabisa, usukani unakuwa mzito kama umefungwa, na breki inagoma. Ukiliacha kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, usukani unabaki mwepesi kidogo, unapata nafasi ya kwenda pembeni. Liache kwenye gia. Shika usukani kwa mikono miwili. Nalijua hilo.

Mdogo wako,
Vitus

*

Katindiuka
14 Januari 2025

Mdogo wangu Vitus,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya na Noeli iliyopita. Baba alikwenda misa ya Noeli kwa miguu yake, nilitembea nyuma kidogo asijue kwamba namchunga. Tulichinja yule jogoo mkorofi. Mpunga wa bondeni tumepanda, maji yanatosha.

Obadia alibadilisha filta. Ile ya zamani ilikuwa chafu, nikafurahi, nikasema tumemaliza. Nikaenda lami. Pale pale baada ya Kiberege likazima. Siku nyingine nikaenda mfuniko wa tangi ukiwa umelegezwa, nikanuka dizeli mpaka nywele, likazima vilevile. Nikajaribu bila mzigo. Nikajaribu asubuhi kwa baridi. Likifika themanini na kuendelea, hata nikiliombea, baada ya muda linakosa pumzi. Nikiliweka sitini naweza kwenda mpaka Mikumi nikitaka.

Klachi sikuigusa. Mara ya kwanza mguu uliinuka wenyewe, nikaurudisha.

Sasa pampu ya mkono. Nilifungua boneti nikabonyeza. Kwa kweli haikuwa na cha kubonyeza, ilikuwa imeshazama chini. Imenyonywa, kama shavu la mtu anayefyonza muwa. Niliitazama nikiwa nimesimama pale na nyani wa mlimani wananitazama mimi. Baada ya kitambo ikaanza kupanda polepole, ikarudi juu. Nikawasha gari, likawaka. Nimekuandikia nilichokiona, sikudhani kitu.

Obadia amelijaribu mjini mara nyingi na amechoka nami. Si mtu mbaya, anasema tu hawezi kutibu ugonjwa ambao haujamjia mbele ya macho. Nimemwambia nitaendelea kumletea hadi ujitokeze.

Nilimweleza Baba jioni moja tukila. Nikamwambia gari linazima, limenizimia mimi niliye macho, sijanywa, sijasinzia. Akasema nimechoka kama mwenzangu alivyochoka. Nikamuuliza, Baba, siku ile wewe uliona nini? Aliacha ugali kwenye sahani akaenda kufunga banda la mbuzi, na banda lilikuwa limeshafungwa.

Wewe unaniambia nimuulize Baba. Baba nikimuuliza anaondoka. Kuna kitu baina yenu ambacho wote wawili mnakipitia pembeni. Sikilazimishi, lakini ujue nimekiona.

Dada yako,
Ritha

*

Masagati
2 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Niko salama, ila homa ilinishika siku kadhaa, imepita. Mahindi yanabeba. Jirani yangu hapa, mama mmoja mjane, ananipikia siku nikichelewa shambani, kwa hiyo usiwaze habari ya kula.

Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. Pampu kuzama maana yake injini inavuta na kitu kinaizuia huko nyuma. Shida haipo mbele, ipo kati ya filta na tangi, au ndani ya tangi lenyewe. Mambo ya pampu kubwa na nozeli za kunyunyizia dizeli, ambayo watu watataka kuyafungua, yaacheni kabisa.

Mwambie Obadia ashushe tangi, alioshe, atazame kichujio kilicho kwenye bomba la ndani. Apulize na hewa bomba lote la chini mpaka mbele.

Usimbane Baba. Nakuomba sana kama mdogo wako.

Vitus

*

Katindiuka
9 Machi 2025

Mpendwa Vitus,

Habari za huko. Mvua hapa zimeanza kwa nguvu, naiwahisha barua hii kabla basi la Mlimba halijaanza kukwama. Mjane anayekupikia nimemsikia. Sijauliza kitu, nimesikia tu.

Leo sitakaa sana kwenye salamu, nisamehe.

Tangi lilishushwa. Ndani mlikuwa na matope na majani, Obadia akaliosha hadi maji yakatoka meupe. Kichujio kilikuwa kizima. Akapuliza bomba lote kwa kompresa, hewa ikapita bila taabu. Akasema sasa hakuna kilichobaki. Mimi nilipanga kwenda lami Alhamisi.

Alhamisi asubuhi natoka na ufunguo, namkuta Baba amekaa kwenye gari. Kiti cha mbele, gongo lake katikati ya magoti. Unajua tangu ajali hajaligusa hilo gari hata kwa mkono. Nikasimama. Akasema, "Twende." Nadhani alitaka limalizike, anione naenda na kurudi salama, kisha aite mtu wa vyuma chakavu.

Tukapita Kibaoni. Tukapita Signali, tukapita Kiberege. Nikamwambia, Baba, sasa naongeza mwendo. Akaitika kwa kichwa. Nikaweka gia ya tano. Nilikuwa natamani lisizime, na natamani lizime, sijui kukueleza vizuri. Tukaenda. Mashamba ya mpunga upande mmoja, milima upande mwingine, mawingu yamekaa juu yake. Nilianza kuamini Obadia amelitibu.

Likakosa nguvu.

Nikamwambia, "Baba, limeanza." Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaliacha kwenye gia kama ulivyonifundisha, nikawasha taa za hatari. Nyuma yetu kulikuwa na lori la miwa, likapiga honi ndefu, likatupita karibu sana hadi gari likayumba. Baba alishika dashibodi. Injini ikafa kabisa tulipokuwa tunaingia kwenye majani ya pembeni, na pale mwishoni usukani ukawa mzito, nikauvuta kwa mwili mzima, tukasimama kando ya mtaro. Si mtaro ule, lakini ni mtaro kama ule.

Tulikaa. Baba alikuwa anautazama usukani, hatazami nje. Baadaye akauliza, "Siku ile ilikuwa hivi?"

Nikamwambia, "Mimi sikuwepo, Baba. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Aligeuza gongo lake mkononi. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimelala."

Nikadhani sikusikia. Akarudia, polepole, anaangalia mbele. Alisema alipitiwa na usingizi tangu Mang'ula, kichwa dirishani, na kilichomwamsha ni kishindo. Alipofumbua macho mlikuwa mtaroni, nyonga imevunjika, na wewe uko juu yake unamwita. Watu walipokuja wakasema kijana amesinzia, akaona ndivyo, maana angejuaje vingine? Kesho yake hospitali wakamuuliza aliona nini, akasema alikuona umefumba macho. Amekuwa akisema hivyo tangu siku ile. Akaniambia, "Nimelisema mara nyingi mpaka nikaanza kuliona."

Nilitaka kumkasirikia, Vitus. Nilikuwa na haki hiyo. Lakini alikuwa ameushika mguu ule mbovu, na gari halijawaka, na nilikuwa na kazi ya kumrudisha mzee nyumbani. Nikafungua boneti. Pampu imezama kama kawaida. Nikamwita ashuke aione. Akaja na gongo lake, akainama, akaigusa kwa kidole, akaitazama inavyopanda.

Wewe ulijua kwamba alikuwa amelala. Ulikuwa umekaa karibu naye, ulijua. Na ukanyamaza, ukaenda Masagati.

Gari bado ni bovu. Sijui tunaelekea wapi sasa, kila kitu kimeshaoshwa na kupulizwa. Niandikie.

Dada yako,
Ritha

*

Masagati
27 Aprili 2025

Dada Ritha,

Shikamoo. Heri ya Pasaka iliyopita. Njia ilikatika, barua yako nimeipata Jumatano. Daraja la miti limekwenda na maji, vijana wanajenga lingine, nami niko nao.

Barua nimeisoma. Nikaiweka. Nikaenda kulima mpaka jioni.

Gari. Mmeosha tangi, pampu bado inazama. Kuna kitu katikati mmekipuliza lakini hamkukiona. Tafuta dumu safi la lita ishirini, litie dizeli, lifunge kwa kamba pale nyuma kwenye bodi lisicheze. Mwambie Obadia atoe mpira mpya kutoka kwenye dumu, aupitishe pembeni mpaka kwenye filta moja kwa moja. Tangi na bomba lake la zamani vyote visihusike. Kisha nenda lami. Likipita themanini na kudumu, basi mwizi yuko kwenye hilo bomba la zamani, na mtalikagua sehemu kwa sehemu. Likizima tena, mimi ndiye niliyekosea na tutaanza upya. Hatuachi.

Habari ya Baba sijui niandike nini. Anatembeaje siku hizi?

Vitus

*

Katindiuka
8 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na Heri ya Pentekoste. Baba anatembea. Gongo analibeba zaidi kuliko linavyombeba yeye. Mpunga umekomaa, tumeanza kuvuna, mikono yangu imechanika, mwandiko huu uuvumilie.

Dumu lilifanya kazi. Tulilifunga, Obadia akaunganisha mpira, safari hii akapanda mwenyewe. Baba naye alipanda, tukabanana watatu mbele. Nilipopita Kiberege nikafika themanini, nikafika tisini, nikapita Kisawasawa, nikapita Mang'ula, na gari bado linavuta. Tulipoanza kuona miwa Obadia akasema, geuza, nimeshaelewa.

Tukarudi gereji, akatoa bomba lote la zamani. Sehemu kubwa ni chuma, na karibu na tangi kuna kipande cha mpira mweusi, urefu kama wa mkono hadi kiwiko. Akakipuliza tena, hewa ikapita. Akakipinda, kizima. Akakichungulia, akaona mwanga upande wa pili. Alikuwa anakaribia kukirudisha.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi, nawaza ile pampu inavyozama. Nikamwambia, fundi, sisi tunapuliza, lakini injini haipulizi. Injini inafyonza. Akaniangalia. Nikakichukua, nikaweka mdomo upande ule unaoelekea injini, nikavuta taratibu. Hewa ikaja na harufu ya dizeli. Nikavuta kwa nguvu. Kikafunga, Vitus. Kama mtu ameweka kidole. Nikaachia, kikafungua. Nikamwonyesha Obadia, naye akavuta, kikafunga. Baba akasema naye apewe. Basi tulikaa pale watu wazima watatu tunafyonza mpira wa dizeli kwa zamu, na wapita njia wanatushangaa. Chakula siku ile kilikuwa na ladha ya dizeli mpaka jioni.

Obadia akakipasua kwa kisu kwa urefu. Ndani, ngozi ya mpira ilikuwa imebanduka upande mmoja, imening'inia kama ulimi. Ukivuta kidogo, ulimi umelala. Ukivuta kwa nguvu, unainuka unaziba njia. Ukiacha kuvuta, unalala tena. Kwa nje huoni hata mchubuko. Obadia alikigeuza geuza mkononi kisha akasema angeweza kulifungua gari hili mpaka bolti ya mwisho asikione. Ameweka mpira mpya. Nimeshakwenda Kidatu na kurudi zaidi ya mara moja nikiwa na mzigo, na sasa Obadia ananikataza mwendo badala ya kunihimiza.

Sasa sikiliza lililobaki.

Jumamosi ya wiki iliyopita jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala, watu wanangoja chai, Baba akasimama. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa na kile kipande cha mpira kilichopasuliwa. Akawaambia, "Nilisema mwanangu Vitus alisinzia. Aliyesinzia ni mimi. Gari lilizima, naye akalishika mpaka mwisho, ndiyo maana niko hapa." Akakipitisha kile kipande mkono kwa mkono. Watu walikitazama kwa heshima. Mzee wa jumuiya, yule aliyekuwa akikuombea uache pombe ambayo hunywi, alikishika muda mrefu kuliko wote. Kisha Baba akakaa na kuomba chai yake.

Usiku ule hakula. Asubuhi akaniambia mtu wa vyuma chakavu asije tena. Halafu akaniuliza kama barabara ya Mlimba imeshakauka. Nikamwambia imekauka. Akasema tukimaliza kuvuna twende kukuchukua. Nikamwambia asikupangie, akuulize kwanza. Hajui aanze vipi kuandika, amekaa na karatasi tangu Jumapili ile na imebaki nyeupe. Kwa hiyo nakuuliza mimi kwa niaba yake. Ukisema hapana, nitamweleza, naye atalipokea. Lakini usikae kimya. Kimya kimetutosha.

Dada yako,
Ritha

*

Masagati
29 Juni 2025

Dada Ritha,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mahindi nimeshavunja, yako juu ya dari. Yule mama jirani anaitwa Yosefina, najua utauliza hivyo nakujibu mapema. Anakusalimu.

Barua yako nimeisomea darajani, nimekaa kwenye magogo mapya, kisha nikaisoma tena nyumbani. Ile habari ya kupuliza na kufyonza mimi nisingeiwaza. Wenzangu hapa nimewaeleza, wakanitaka nirudie tangu mwanzo.

Umeandika kwamba nilijua Baba amelala. Nilijua. Nilikuwa nimepunguza mwendo Mang'ula ili asiamshwe na matuta. Lakini alikuwa kitandani, nyonga imevunjika, watu wamemzunguka wanamsikiliza. Ningesema alikuwa amelala, ningekuwa namwambia mzee wangu mbele za watu kwamba anasema asichokijua. Sikuweza. Na kukaa hapo nikisikia kila siku sikuweza pia. Ndiyo habari yote, hakuna nyingine.

Tangu siku ile sijashika usukani. Hata trekta la watu hapa nimekataa. Nikifikiria, mkono unakufa ganzi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na kazi na gari.

Njooni. Msifike Masagati, njia ya huku itawavunja. Nitashuka mpaka Mlimba, nitawasubiri dukani kwa Teddy. Kutoka hapo ufunguo utanipa mimi. Nitaendesha polepole mpaka Mngeta, nione kama mkono unakubali, na ukikubali nitaendesha mpaka nyumbani. Mkono ukikataa utanipokea usukani, na siku ya pili nitajaribu tena.

Baba akae mbele, pembeni yangu. Na mwambie akisikia usingizi njiani, alale.

Mdogo wako,
Vitus